Nani Ataweka Laini Yake Kwenye Simu Hii

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Aliyesema hivyo ni Mama Joel mwenyewe, mwenye duka, mbele ya wateja: "Huyu anastaafu leo, anakwenda kidato cha tano." Fundi wa meza ya jirani akauliza kama kuna mafao. Hakuna mafao. Kulikuwa na soda moja ya baridi na kofi la mgongoni.

Daftari hili huwa silionyeshi mtu, lakini kurasa hizi nazichana nikuachie wewe, Salome. Umeletwa kutoka Moshi kukaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, na mimi kwa mdomo sitaweza kukueleza. Umeshaniona. Nikiongea na mtu nisiyemzoea natazama viatu vyake. Kuandika naweza.

Nilianza kazi baada ya mtihani wa kidato cha nne. Nikasubiri matokeo nikiwa palepale Kongowe ya Kibaha, nikasubiri kupangiwa shule nikiwa palepale. Mshahara siusemi, utauona mwenyewe, hautakuchosha kuuangalia.

Siku ya kwanza Mama Joel alinipa kitambaa na simu moja nyeusi, akaniuliza, "Hii ni nzima?" Nikaiwasha. Nikapiga picha dari. Nikaunga intaneti ya saluni ya jirani, ile ambayo neno lake la siri linajulikana mtaa mzima, nikacheza wimbo mpaka katikati. Nikasema ni nzima, tena kwa sauti, ili aone kwamba sina aibu.

"Umekagua kamera na redio," akasema. "Simu hujaikagua."

Akatia laini ya duka. Simu ikafikiri kwa muda, halafu pale juu panapokaa minara ikaandika: simu za dharura pekee. Akatia laini ya kampuni nyingine. Vilevile. Ndipo akanieleza kwamba ile simu ni yake mwenyewe. Aliporwa, akaripoti, ikafungiwa kwa namba yake ya ndani, halafu ikaja kuokotwa kwenye mtaro. Angeweza kuomba ifunguliwe. Ameiacha hivyohivyo makusudi, ya kufundishia.

"Ukiwa saluni inaishi," akasema. "Ukitoka mlangoni inakuwa kioo cha kuchania nywele. Mtu akishaibiwa na kuripoti, laini yoyote utakayoweka humu haishiki."

Na wewe atakuonyesha hiyo simu. Jifanye hujui, anafurahi sana.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akija kuuza simu iliyotumika, au akija kuuliza kama aliyonunua ina matatizo, bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Zitatokea namba ndefu, mbili kama simu inabeba laini mbili. Zilinganishe na za kwenye boksi kama boksi lipo, na za kwenye kile kitako kinachobeba laini kama zimeandikwa. Kisha zitume kwa meseji kwenye ile namba ya kuhakiki iliyobandikwa ukutani. Zote mbili, usiwe mvivu. Jibu likirudi lisome mpaka mwisho, kwa sababu linataja na aina ya simu.

Mimi nilijifunza kusoma mpaka mwisho kwa kijana mmoja mwenye miwani ya jua. Alileta simu kubwa, ina kamera tatu nyuma, kava la kung'aa. Nikatuma namba, jibu likasema haina tatizo. Nilikuwa karibu kumwita Mama Joel. Nikaendelea kusoma. Jibu lilisema hiyo simu ni kitochi cha vitufe.

Nikamwambia yule kijana, nikiwa natazama viatu vyake, "Kaka, wanasema hii ni kitochi."

"Wanasema nani?"

"Meseji."

"Sasa wewe unaona kitochi hapa?"

"Sioni. Ndiyo maana naogopa."

Mama Joel akacheka mpaka akakaa. Yule kijana akasema tunapenda kudharau watu, akachukua simu yake, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekumbuka kwamba amechelewa msibani. Mtu alikuwa ameibandika ile simu namba ya kitochi kilichokufa. Jibu lilikuwa la kweli, ila halikuwa linazungumzia simu ile.

Baada ya meseji, weka laini iliyo hai. Piga. Kisha pigiwa. Hamisha laini upande wa pili, rudia. Usikubali mtu akuambie intaneti inafanya kazi, ya saluni haihesabiki. Ikiandika kwamba laini haikubaliki, hiyo si lazima iwe ya wizi, inaweza kuwa ilitoka nje ya nchi ikiwa imefungwa kwa kampuni ya kule. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, hilo ni kufuli jingine kabisa, mwambie mwenyewe aifungue hapohapo. Na zile za mkopo hujifunga zenyewe deni lisipolipwa, hizo usizishike hata kwa kitambaa.

Muuzaji afungue simu kwa vidole vyake mwenyewe huku unamwongelesha jambo lingine. Muulize mvua. Mwenye simu anafungua bila kufikiri. Asiye mwenyewe anasitisha habari ya mvua kwanza.

Halafu simu ilale. Hili ndilo neno la Mama Joel, utalisikia mpaka uliote. Simu ikinunuliwa leo haiuzwi leo. Inalala kabatini, kwa sababu aliyeibiwa jana huenda bado anatafuta nauli ya kwenda kuripoti, na simu inayopita leo ikafungiwa keshokutwa. Ikiamka inahakikiwa upya, ndipo inauzwa. Wateja wananuna. Waache wanune.

Sasa nikuandikie habari ya Shabani, kwa sababu utaisikia kwa fundi wa jirani na yeye huwa anaongeza.

Shabani ni yule anayechomelea mageti ng'ambo ya barabara, mwenye kofia iliyotobolewa na cheche. Alikuwa amechumbia Chole, huko Kisarawe ndani, binti anaitwa Zuhura. Kwao mchumba hupelekewa sanduku: kanga, viatu, manukato, udi, na siku hizi simu. Shabani alituambia wazi kwamba anataka iliyotumika lakini nzuri, na upande wa binti alishawaambia hivyohivyo. Tukampa moja tuliyonunua kwa muuguzi aliyekuja na boksi lake, ambaye aliifungua huku anamkemea mtoto asile chaki. Mimi niliihakiki. Ikalala. Nikaihakiki tena. Shabani akaifuta kwa shati lake, akaenda nayo kama amebeba yai.

Haikupita muda mrefu akarudi. Hakuvuka barabara kama kawaida yake, alisimama kwanza, akaangalia kushoto na kulia mara nyingi.

"Mama Joel, shikamoo."

"Marahaba. Una nini?"

"Wanasema simu ya wizi."

"Nani?"

"Shangazi yake Zuhura. Bi Mwanahawa. Wameweka laini, inaandika simu za dharura pekee. Huko kuna kijana wao anajua mambo ya simu, kasema hiyo ndiyo alama ya simu iliyofungiwa." Akavua kofia. "Jumapili wazee wanakaa. Bi Mwanahawa anasema hawezi kumpa mtoto wa marehemu kaka yake mtu anayeleta kitu cha wizi ndani ya sanduku. Sanduku litarudi. Na Zuhura hawezi kusema neno, yule ndiye aliyemlea."

Mama Joel akanigeukia. "Uliihakiki?"

"Niliihakiki."

"Kabla ya kulala au baada?"

"Mara zote mbili."

Picha ya namba zake ilikuwa bado kwenye simu ya duka. Nikazituma tena palepale, huenda muuguzi yule alikuwa na hadithi tusiyoijua. Jibu likarudi lilelile, haina tatizo, na aina ni ileile. Shabani akasema Bi Mwanahawa hataki meseji, meseji hata yeye anaweza kuandikiwa. Na kuileta simu dukani hataki, anasema ikitoka nje ya chumba chake itarudi nyingine.

"Basi utakwenda wewe," Mama Joel akaniambia.

"Mimi?"

"Nikienda mimi watasema mwenye duka anatetea duka. Wewe una duka?"

"Sina."

"Basi nenda."

Nataka ujue, Salome, kwamba kuhusu simu sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi ulikuwa wa kuongea. Njia nzima, nyuma ya pikipiki ya Shabani, nilikuwa narudia salamu. Tulipita Kisarawe mjini, tukaingia vumbi, mikorosho huku na huku, na nilipofika nyusi zangu zilikuwa nyekundu kama nimepaka. Mfukoni nilikuwa na pini ya kutolea laini, ambayo ni herini yangu iliyonyooshwa, gundi ya karatasi, ile ya utepe, na laini yangu mwenyewe ndani ya simu yangu. Basi.

Shabani hakuingia. Alisimamisha pikipiki barabarani, juani, akasema mkwe haingii mpaka aitwe.

Ndani walikuwa wanawake watano na mzee mmoja, na yule kijana anayejua mambo ya simu, anaitwa Ramadhani, ni mdogo wake Zuhura. Zuhura mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la chumba, niliona vidole vya miguu tu, vina hina. Bi Mwanahawa alikaa kwenye mkeka, mnene, mtulivu, simu ikiwa mbele yake imefunikwa kwa kitambaa kama chakula.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye niliyeihakiki."

"Una miaka mingapi?"

Nikamwambia. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Hata hina hajapakwa huyu." Wakacheka kidogo. Nikatazama viatu, lakini wote walikuwa peku, ikabidi nitazame mkeka.

Nikauliza, "Mtandao hapa unashika?"

"Unashika kwenye kikombe," akasema Bi Mwanahawa.

Kulikuwa na kikombe cha bati kimening'inizwa dirishani kwa kamba, na kitochi chake kimesimama ndani. Nikakiangalia. Minara ilikuwa mitatu. Basi eneo halikuwa na kosa. Nikaomba kuifunua ile simu. Nikabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, nikalinganisha na picha niliyohamishia kwenye simu yangu, namba ni zilezile. Juu imeandika simu za dharura pekee. Nikaingiza herini, nikatoa laini.

Ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Ukingo mmoja ulikuwa umeenda upande.

"Hii laini ya nani?" nikauliza.

Ramadhani akasema, "Laini ni laini."

"Ni ya Zuhura?"

"Zuhura?" Bi Mwanahawa akanitazama kama nimemtukana. "Nimtie mtoto wangu kwenye simu ambayo sijui imetoka wapi? Laini zote siku hizi zina alama za vidole. Simu ikiwa ya wizi, wanakuja na jina lako. Wanakukamata wewe."

"Ni ya kwako, bibi?"

"Astaghfirullah. Mimi nina presha."

"Ya Ramadhani?"

"Mimi naomba kazi ya ulinzi," akasema Ramadhani. "Nikiwa na rekodi sichukuliwi."

"Sasa ni ya nani?"

Yule mzee, ambaye alikuwa akihesabu tasbihi, akasema taratibu, "Ni ya marehemu kaka. Baba yake Zuhura. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo."

"Tukaona," Bi Mwanahawa akasema, "wakija, watakamata nani. Yeye ameshapumzika."

Niliwaelewa kabisa. Hata mama yangu angefanya hivyo. Mtu amekalia mashaka, hataki jina lake liguse kitu, anatafuta laini ambayo haina mtu. Lakini laini ambayo haina mtu haishiki popote. Ikikaa bila kutumika inafungwa, namba anapewa mwingine. Na kwenye kioo haikuandikii kwamba mimi ni laini niliyekufa. Inaandika simu za dharura pekee, maneno yaleyale ya simu ya wizi.

Nikawaeleza hivyo, kwa sauti ndogo. Ramadhani akasema, "Ni maneno ya dukani hayo."

Sauti yangu ikakua, sijui ilitoka wapi. "Basi tusiongee. Tuweke laini iliyo hai."

"Ya nani?" akauliza Bi Mwanahawa. "Nani ataweka laini yake kwenye simu hii?"

"Mimi."

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Mtoto wa watu, mama yako anajua?" Nilikuwa nimeshatoa laini yangu. Ina alama za vidole vyangu na jina la baba yangu, na shule nitakayokwenda ingenitafuta kwa namba hiyohiyo. Nikaitia. Nikaishikilia simu karibu na kile kikombe.

Ikafikiri. Zile simu hufikiri muda mrefu zaidi ukiwa unatazamwa.

Minara ikaja mitatu. Likaja jina la kampuni. Halafu zikaingia meseji, moja baada ya nyingine, za kuninunulisha bando, na kabla sijasema lolote simu ikaita. Ilikuwa mama yangu.

"Uko wapi wewe? Mbona hupatikani?"

"Chole, mama. Kazini."

"Umekula?"

"Bado."

Chumba kizima kilisikia. Bi Mwanahawa akageuka akamwambia mtu wa jikoni, "Mtoto hajala." Lakini uso wake ulikuwa bado umefungwa. Ramadhani akasema huenda sisi wa dukani tuna dawa za kufungua, ndiyo kazi yetu, laini ya huyu dada imezoea simu za wizi.

Mama Joel alinifundisha kwamba kipimo ni pande mbili. Laini nzima kwenye simu inayoshukiwa, halafu laini inayoshukiwa kwenye simu nzima. Nusu ya kipimo ni ubishi tu. Nikamwomba Bi Mwanahawa kitochi chake. Akakishika kwa muda, kisha akanipa. Nikatoa laini yake nikamkabidhi mkononi, asije akafikiri naipeleka mahali. Nikaichukua laini ya marehemu, nikaishikiza kwa gundi ya karatasi kwa sababu ule mkasi wa Ramadhani uliifanya iteleze, nikaitia ndani ya kitochi, nikakiwasha, nikakirudisha kwenye kikombe chake palepale.

Tukakitazama wote. Mpaka Zuhura alisogea, nikaona pazia linachukua umbo la bega.

Simu za dharura pekee.

"Hicho kitochi ni cha wizi?" nikauliza. Sikukusudia kumjibu vibaya, nilikuwa nauliza kama tunavyouliza dukani.

"Nilinunua mwenyewe," akasema Bi Mwanahawa. "Kisarawe. Kwa fedha ya korosho."

Yule mzee akaacha tasbihi. "Kwa hiyo aliyefungiwa ni kaka."

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, akashindwa, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia. Hata nyuma ya pazia kulisikika. Bi Mwanahawa hakucheka. Alikitoa kitochi kwenye kikombe, akaitoa ile laini iliyokatwa, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa ananipigia kila Ijumaa kwa hii," akasema. "Sikujua wameifunga." Akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo.

Kisha akanyoosha mkono. Kwenye kiganja ilikuwepo laini yake, ile niliyomkabidhi, imelowa jasho.

"Toa yako," akasema. "Weka yangu."

"Shangazi, presha," akasema Ramadhani.

"Wewe nyamaza, mlinzi."

Nikamegua fremu yake ya plastiki, nikaiweka. Minara ikaja. Akaniuliza kama ninayo namba ya Shabani, nikampigia, nikampa simu. Akaishika mbali na sikio kama inavyoshikwa sahani ya moto. Kupitia dirisha tulisikia simu inaita barabarani, halafu sauti ya Shabani inasema halo, halo, nani mwenzangu.

"Ni mimi, Mwanahawa," akasema. "Napiga kwa simu ya mke wako. Ingia ndani, utaungua na jua, halafu waseme tumeozesha mtu mweusi kuliko tuliyemchagua. Na mwambie fundi wa Mama Joel ameshinda, ila bado hajala."

"Fundi yupo hapo ndani na wewe, shangazi."

"Najua. Nataka umwambie wewe."

Wazee hawakukaa Jumapili. Walikaa Ijumaa ya baadaye, kupanga siku. Mimi nilirudi Kibaha na mihogo nusu gunia mapajani, na Mama Joel hakuniuliza kitu ila kimoja: "Ulipima pande mbili?" Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, akanipa simu nyingine ya kuhakiki.

Kwa hiyo, Salome, nakuachia herini. Iko kwenye kikopo cha dawa ya meno chini ya meza, usiinyooshe zaidi, itakatika. Mtu akija na simu akasema haishiki, usiiulize simu kwanza, uliza laini aliyojaribia ni ya nani. Watu watakuficha hilo kuliko wanavyoficha umri. Usiwacheke, wana sababu zao. Na kama hakuna anayethubutu kuweka yake, na wewe umeihakiki kabla ya kulala na baada, weka ya kwako.

Nipo napanga sanduku langu la shule, ambalo halina simu, shule haziruhusu. Jana Zuhura alinipigia. Ilikuwa ile simu, sasa ina laini yake mwenyewe. Alisema asante, na mimi, kama kawaida yangu, nikatazama viatu vyangu. Nikabaki nasikiliza jinsi inavyosikika. Inasikika vizuri, haikatiki.